Pombe ya Palizi

Zamani za Mdachi, kwetu mwaka uliingia mara tatu, na kila mara uliingia na mwenyewe. Akida, mtu wa pwani aliyeletwa kututawala, alikuwa na mwaka wake wa kiangazi, siku ambayo kwao watu huingia baharini wakaoga. Na kwa kuwa sisi hatuna bahari, alitulazimisha kufagia njia. Wadachi wa boma la Dodoma walikuwa na mwaka wao wa Januari, wakaupokea kwa tarumbeta na kwa nyama ya mbuzi wetu. Na bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na mwaka usiokuwa na tarehe. Ulianza siku mvua ya kwanza ilipopiga paa la udongo la tembe yetu, na vumbi likatoa ile harufu inayowafanya hata ng'ombe wainue vichwa.

Mimi nilikuwa mtu wa mwaka wa bibi. Ile mingine miwili ningaliiacha ipite, kama tulivyozoea kuiacha misafara ipite, lau mmoja wao usingaliingia uani kwetu na kuupindua mtungi wangu.

Wenzangu ninaosomeana nao hadithi siku hizi husema hasira ni moto, huwaka kisha ikazimika. Yangu si moto. Yangu ni machicha yaliyotulia chini ya chungu. Ukimimina maji juu yake, yanaamka yote.

Tulikaa mwendo wa asubuhi moja kutoka Buigiri, upande wa kwenda Dodoma. Nilikuwa msichana, sijaolewa, na nilipenda kupika pombe. Wasichana wenzangu walipika kwa kutumwa: kuna tambiko, kuna harusi, kuna wageni. Mimi nilipika bila kutumwa na mtu, katika chungu kidogo kisichojaza hata vibuyu viwili, nikakificha nyuma ya ghala, nikawa nakwenda kukisikiliza. Pombe inapoanza kuchemka yenyewe bila moto hutoa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona huku anacheka. Hakuna aliyeniambia kwamba sauti ile ni nzuri. Niliijua mwenyewe.

Bibi alinikuta nimeinama, sikio juu ya chungu.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana ndivyo bibi kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kike, "hii pombe ni ya panya?"

"Ni ya kujifunza, bibi."

"Lete."

Akaonja, akatema pembeni. "Panya nao wana wazazi wao. Usiwapikie hii."

Nilikuwa na makosa mawili, na yote mawili nilikuwa nimekwisha kuonywa. La kwanza, kimea changu kilishika ukungu, kwa sababu niliilowesha mbegu ya uwele na kuiacha iote bila kuigeuza. La pili, haraka. Nilikoroga unga wa kimea katika uji ungali moto, kisha nikachuja kabla ya siku yake, ikatoka kitu ambacho si togwa wala si pombe, chenye ukali wa kuumiza meno.

Mwaka ninaousema, mvua za kwanza ziliponyesha, kaka yangu alikuja nyumbani kwa ruhusa. Alikuwa tarishi wa boma, anabeba barua kutoka huku kwenda kule, na alijua Kiswahili cha kumjibu akida bila kigugumizi. Sisi nyumbani tulisema Kigogo. Kila alipokuja aliniletea maneno, kama wengine wanavyoletewa shanga, nami niliyavaa yote siku hiyo hiyo.

Siku ile alituambia jambo la ajabu. Wazungu, alisema, mwaka wao ukiingia, kila mmoja hujiwekea nadhiri. Mmoja huapa ataacha tumbaku, mwingine huapa atamwandikia mama yake kila mwezi.

"Na wanatimiza?" bibi akauliza.

"Mwezi wa kwanza, ndiyo."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Wazo lile liliniingia. Nikasema pale pale kwamba mimi nami nina nadhiri zangu za pombe.

"Ngoja basi Januari," kaka akasema.

"Januari ni mwaka wa wenyewe. Mvua imeshanyesha. Wangu umeingia."

Nikazitaja. Mwaka huu kimea changu hakitaota ukungu. Mwaka huu sitaiharakisha pombe. Itakomaa kwa siku zake. Na ya tatu, ambayo niliitaja nikimtazama baba: mwaka huu nitapika peke yangu pombe ya palizi ya shamba la bibi.

Baba aliacha kunoa jembe lake.

Inafaa nieleze kwa nini aliacha. Bibi alikuwa na shamba lake, pembeni mwa zizi, lenye mbolea ya miaka mingi. Alililima mwenyewe, akavuna mwenyewe, akaweka uwele wake katika ghala lake. Lakini mgongo ulikuwa umempinda, na baba alilitaka shamba lile alizungushie miiba, apanue zizi. Alikuwa ameshasema mbele yetu sote: palizi hii magugu yakimshinda mama, nalichukua, naye atakula kwa mkono wa mkwewe kama wazee wengine. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Lakini bibi alikuwa na msemo wake kwamba mtu asiye na ghala huomba ruhusa hata ya kusikia njaa.

Njia ilikuwa moja. Kwetu mwenye shamba akizidiwa, hupika pombe akawaita majirani. Wao huja na majembe alfajiri, wakapalilia kwa nyimbo mpaka jua likaribie utosini, kisha wakanywa. Majembe kumi, siku moja, shamba limekwisha. Bila pombe hapana majembe. Na nyumba iliyoyaita majembe ikakosa pombe, mwaka huo hairudiwi tena.

"Utaweza?" baba akaniuliza.

"Nimeshaapa."

"Kizungu," akasema baba, akarudi kwenye jembe lake.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayelea. Ulikuwa msimu wa njaa, ghala la bibi limebaki sakafu, na uwele alionipimia ulikuwa ndio wa mwisho, aliojinyima kuula. Niliuloweka, nikautandaza juu ya majani mabichi ndani ya nyumba, nikaugeuza asubuhi, adhuhuri na jioni. Mvua zilikuwa hazitoi nafasi ya kuanika nje, kwa hiyo nilikausha kimea kwenye ungo juu ya moshi wa jiko, nikikesha na macho mekundu. Hakikuota ukungu. Nikakisaga juu ya jiwe. Nikapika uji katika vyungu vitatu, nikaungoja upoe mpaka nikaweza kuhesabu vidole vyangu vyote ndani yake. Nikatia kimea, nikatia na chachu ya chungu cha bibi, yale masalio mazito anayoyahifadhi. Kisha nikakaa. Hilo ndilo lililokuwa gumu: kukaa. Siku ya nne mikono iliniwasha kuchuja, nikaikalia.

Siku ya tano nilichuja kwa kung'uto katika mtungi mkubwa wa bibi. Rangi yake ilikuwa ya udongo uliolowa. Bibi akaja na mkongojo wake, akanusa, hakuonja, maana kwetu mpishi ndiye wa kwanza kunywa, mbele ya watu, ili wote waone hakutia sumu. Alinusa tu, mara mbili.

"Kesho," akasema. "Waite."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikawaita. Kesho yake alfajiri majembe kumi na mawili yangekuja.

Siku ile ile ya kuchuja, jua likiwa katikati, akida alitokea na askari wawili, na kaka yangu mbele yao anawaonyesha njia. Ilikuwa mkesha wa Januari yao. Boma lilitaka pombe ya karamu ya vibarua, na akida alikuwa akipita vijijini kuikusanya. Baadaye nilijua waliletwa kwetu na nini: kaka alikuwa amejisifu barazani kwamba hakuna katika Ugogo yote anayepika kama dada yake. Kaka yangu, aliyekuwa hajaionja!

Nilipiga magoti nikamwamkia akida shikamoo. Akaitikia akitazama mtungi.

"Binti, pombe hii ikoje?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka kupasua karatasi. Kaka alikuwa amenifundisha kwamba kile anachohifadhi bibi huitwa chachu. Neno zuri, nililipenda, nililirudia njiani nikienda kisimani. Nami nilikuwa nimekwisha kuona kwamba katika Kiswahili neno huzaa neno. Basi nikajifikiria mwenyewe: chachu ikishafanya kazi yake vizuri ndani ya pombe, pombe hiyo imefanyaje? Hakuna aliyenifundisha. Nililitengeneza mwenyewe, likakaa sawasawa kama mfuniko juu ya chungu chake.

Nikainuka, nikanyoosha shingo, nikasema, "Imechacha, bwana akida. Imechacha vizuri sana."

Akida aligeuka kwa askari. "Mmesikia? Imechacha vizuri sana!"

Askari mmoja alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. Mimi nami nilitabasamu. Nilidhani wamefurahi.

"Washenzi hawa," akasema akida. "Juzi wale wa ng'ambo ya mto walitupatia uchachu, vibarua wakaharisha siku mbili, na lawama nikapewa mimi. Leo huyu ananiambia kwa kinywa chake, wala haoni haya."

Nilielewa kwamba jambo limeharibika, sikuelewa wapi. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilichukua kata, nikaichovya mtungini, nikaipeleka mdomoni ninywe wa kwanza, aone. Kata moja tu ingetosha kumaliza maneno yote.

Akida aliipiga ile kata kwa fimbo yake. "Unakunywa ulevi mbele yangu? Hujui mimi ni mtu wa dini?" Kisha, kwa askari: "Mwaga."

Nikamtazama kaka. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Alijua Kiswahili changu chote, maana ni yeye aliyekileta. Alijua nilichotaka kusema kama anavyojua jina langu. Alikuwa akitazama ukingo wa paa, kana kwamba kuna ndege pale. Hapakuwa na ndege.

Askari akaweka mguu kwenye shingo ya mtungi, akausukuma. Mtungi haukuvunjika. Uligeuka polepole ukalala ubavu, pombe ikatoka kwa mkupuo mmoja, kisha kwa mikupuo midogo midogo, ikafuata mfereji wa mvua mpaka zizini. Mbuzi wakaja kunusa. Akida akaendelea na safari. Kaka aliomba ruhusa alale nyumbani, arudi bomani kesho asubuhi. Akapewa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakujua neno hata moja la Kiswahili.

"Yule mtu amesema nini?"

"Amesema pombe imeharibika."

"Nani amemwambia imeharibika?"

"Mimi, bibi."

Akainama, mgongo wake ule, akaanza kuuinua mtungi. Nilikimbia kumsaidia. Alinisukuma kwa kiwiko.

Nilimkuta kaka nyuma ya ghala, mahali pangu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nimwambie akida mbele ya askari kwamba hakuelewa? Mimi tarishi, yeye akida?"

"Ungesema, 'Dada yangu amekosea neno.' Maneno manne."

"Na ningesema, ingekuwaje? Ungeambiwa ni nzuri, wangeichukua yote, na mtungi, na wewe ungeubeba kichwani mpaka Dodoma. Fikiri. Angalau mtungi umebaki."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyenifanyia hisani. Na ubaya wa maneno yake ulikuwa kwamba yalikuwa kweli. Ningesema imekomaa, pombe ingekwenda. Nimesema imechacha, pombe imekwenda. Kwa vyovyote bibi angekosa majembe yake. Lakini nataka kumuuliza mtu yeyote aliyewahi kuonewa: kweli ya namna hiyo inamfaa nani? Nilitamani angenidanganya.

"Shamba halipaliliwi na mtungi," nikamwambia.

Jioni nilitaka kuzunguka kwa majirani niwaambie wasije. Bibi alikataa. "Ukienda kuwaambia imemwagwa, watasema tumeinywa wenyewe. Waache waje waione ardhi."

Wakaja, alfajiri, wanaimba. Wimbo ulikatika walipofika uani. Mzee mmoja, mtani wa ukoo wetu, alipiga magoti akanusa udongo, akainua uso.

"Mama," akamwambia bibi, "pombe ni nzuri sana. Tatizo mmeitia katika chombo kikubwa mno."

Watu wakacheka. Hata bibi alicheka, na kwa kicheko chake kile sitamsamehe mtu. Wakasimama kidogo, wakapeana pole, wakasema akida ni mtu mbaya. Kisha wakaweka majembe mabegani, mmoja baada ya mwingine. Siwalaumu sana. Kila mmoja alikuwa na magugu yake, na aliyekuja alikuja kwa mapatano ambayo sisi tulishindwa kuyatimiza. Nawalaumu kidogo.

Kaka alikuwa amekaa kwenye jiwe anafunga viatu vyake vya ngozi. Mkoba wa barua ulikuwa kando yake. Niliuchukua nikaupeleka ndani, nikarudi na jembe la bibi, nikaliweka magotini pake.

"Leo wewe ndiye majembe kumi na mawili."

"Dada, nicheke au nilie? Nisipofika adhuhuri nitalazwa chini nipigwe."

"Lala," nikasema.

Alinitazama kama hanijui. Mimi mwenyewe sikuwa najijua. Akageuka kwa bibi, amwombee. Bibi alikuwa ameshashika kijiti chake cha kuchimbulia, anakwenda shambani bila kutazama nyuma.

Tulipalilia siku mbili. Uwele ulikuwa umefika magotini na magugu yamefika kiunoni. Mikono ya kaka ilikuwa imelainika kwa kubeba karatasi. Saa sita ya siku ya kwanza malengelenge yalipasuka, akafunga kitambaa, akaendelea. Bibi alikaa chini, akawa anajiburuta kutoka shina hadi shina, akang'oa kwa vidole. Mara moja tu alinena, bila kuinua kichwa: "Mke mwenzangu, usikate mizizi kwa hasira. Uwele haukukosea Kiswahili."

Mama alituletea maji. Baba hakuja mpaka jua la siku ya pili lilipokuwa likiinama. Akasimama mpakani, akapima kwa hatua.

"Nusu," akasema.

Bibi akajisimamisha kwa kijiti. "Hii nusu iliyopaliliwa ni yangu. Ile ya magugu, chukua. Walishe ndama wako."

Baba alifikiri. Sidhani alikuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na zizi dogo. Kesho yake alianza kukata miiba. Bibi alibaki na nusu ya shamba, na mavuno yake yalijaza ghala mpaka usawa wa kifua changu. Aliyala kidogo kidogo, kwa kiburi kikubwa. Yalipokwisha, kabla ya mvua nyingine, alikula kwa mkono wa mama yangu kama baba alivyokuwa amesema, na kwa siku zote hizo hakuna hata moja aliyoomba aongezewe.

Kaka aliondoka alfajiri ya siku ya tatu. Nilimtolea mkoba wake mlangoni. Alisema, "Haya," nami nikasema, "Haya."

Alipita tena kwetu baada ya wiki chache, na barua za kupeleka Mpwapwa. Bibi alimwekea kigoda. Akasema ahsante, atasimama. Bibi akamwambia safari ni ndefu, akae apumzike miguu. Akasema miguu haina neno, amezoea kusimama.

Nilimpa kibuyu cha uji. Alikunywa akiwa wima, uso ameuelekeza kwenye miiba mipya ya baba, na shati lake la boma lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Nilikuwa nyuma yake. Ningeweza kuuliza viboko vilikuwa vingapi. Maneno nilikuwa nayo, ya Kigogo na ya Kiswahili, na safari hii nisingekosea. Nilijua pia kwamba nikiuliza, atajibu, na akijibu nitamhurumia, na hasira yangu itabaki haina mahali pa kukaa isipokuwa kwangu.

Nikapokea kibuyu, nikaenda kukiosha.